Haki za Mgeni Anayelipa



Katika chuo chetu hapa Kimandolu, wazazi hutujia mara kwa mara na maswali yahusuyo riziki za watoto wao. Liko swali moja ambalo kila mwaka huzidi kuulizwa, nalo ni hili: Je, yamfaa Mwislamu kufanya kazi ya kulaza wageni kwa malipo? Wala si ajabu swali hili kuulizwa Arusha, kwani mji wetu kwa sehemu kubwa waishi kwa wageni. Wako wanaokuja kutazama wanyama, wako wanaopanda Meru na Kilimanjaro, wako wanaohudhuria mikutano. Na vijana wetu wengi, wa kike kwa wa kiume, hupata chakula chao kwa kuwatandikia vitanda, kuwapikia na kuwaendesha.

Walakini neno lenyewe "gesti" limekwisha kuharibika masikioni mwa watu. Mtu mzima akionekana asubuhi akitoka mlangoni mwa gesti, majirani hunong'ona. Mzazi akiambiwa kwamba binti yake amepata kazi huko, hajui ashukuru au asikitike. Na mwenye nyumba ya namna hiyo, hata akiwa mcha Mungu, sadaka yake hutazamwa kwa jicho la shaka.

Twataka leo kulijibu swali hilo, si kwa dalili za vitabu peke yake, bali pia kwa habari ya nyumba moja ndogo tuliyolala usiku 3 katika mji wa Pangani, pwani ya Tanga, mwezi wa Desemba 2018, uliokuwa Mfungo Saba mwaka 1440.

Kwanza na tuutazame msingi. Nabii Ibrahim (A.S.) alipojiwa na wageni asiowajua, hakuanza kwa kuwauliza watokako, aliondoka taratibu akaenda kwa ahali zake, akarudi na ndama aliyenona. Na Mtume wetu (S.A.W.) ameliunganisha jambo la kumkirimu mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Akaeleza tena ya kwamba ukarimu ni siku 3, na kinachozidi hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim wote wawili. Wazee wetu nao wana methali mbili ambazo kila mtoto azijua: Mgeni njoo, mwenyeji apone, na Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya kwanza yamfunza mwenyeji, ya pili yamfunza mgeni.

Lakini je, malipo yakiingia, ukarimu hutoka? Hapa ndipo watu wengi hukwama. Hudhani kwamba kumlaza mgeni bure ni ibada, na kumlaza kwa fedha ni biashara tu, na biashara haina haja ya adabu ila hesabu. Kurani Tukufu haisemi hivyo. Katika Suratun Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu. Kisha ikatajwa kwamba hapana dhambi kuingia nyumba zisizo makazi ya watu maalumu ambazo ndani yake tuna manufaa yetu. Wafasiri katika kulieleza jambo hilo wamezitaja nyumba za wasafiri zilizo njiani. Basi nyumba ya wageni si kitu kigeni katika dini yetu. Imo katika sura ileile inayofundisha heshima ya nyumba, kuinamisha macho na kujihifadhi. Na katika Suratul Kahf twasoma habari ya Nabii Musa (A.S.) na mwenzake waliofika mji ambao watu wake walikataa kuwakirimu. Yule mwenzake alipousimamisha ukuta uliotaka kuanguka, Musa alimwambia kwamba kama angependa angeuchukulia ujira. Laumu iliwapata waliowanyima wageni chakula. Ujira wenyewe haukutiwa aibu.

Na pwani yetu hii, ukarimu na biashara vimelala kitanda kimoja tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wa mji wakitoka kwa vyombo vidogo kuilaki merikebu, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara hufikia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye amsimamiaye katika kuuza na kununua. Ibn Battuta aongeza kwamba mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia pasipo mwenyeji wake kuwapo, mauzo hayo yalihesabiwa kuwa batili. Mwenyeji alipata faida, hapana shaka. Lakini mgeni alikuwa katika dhamana yake. Maneno haya mawili, faida na dhamana, twaomba msomaji ayashike, maana ndiyo tutakayoyarudia.

Sasa twende Pangani.

Tulikuwa watatu: sisi, mama watoto, na mjukuu wetu mwenye umri wa miaka 11. Mama watoto alikuwa ametoka katika maradhi ya muda mrefu, akatamani kuvuta hewa ya bahari. Hatuna jamaa Pangani, basi ilitulazimu kulala katika nyumba ya kulipia. Basi lilitutoa Arusha alfajiri, likapita Moshi, Same, Mombo, Korogwe na Segera, likatufikisha Tanga baada ya adhuhuri. Toka Tanga kwenda Pangani ni kama kilomita 50, na wakati ule ilikuwa barabara ya vumbi, ikipita katika mashamba ya mkonge na minazi. Tuliingia mjini jua likiwa karibu kuchwa, kaskazi inavuma, na mto umejaa maji ya bahari yaliyokuwa yakipanda.

Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa ya mawe na chokaa, kongwe, yenye baraza mbele na ua katikati. Vyumba vya wageni vilikuwa 4 tu. Upande wa pili wa ua waliishi wenye nyumba. Alitupokea bibi mmoja mtu mzima, ambaye mji wote wamwita Bi Mkubwa, nasi tutamtaja kwa jina hilo. Kabla hatujakaa tuliletewa maji ya kunywa. Kisha mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, alileta daftari la wageni, akaandika majina yetu, tutokako, tuendako na kazi zetu, tukatia sahihi. Bei tuliambiwa palepale: chumba kwa usiku mmoja shilingi 25,000, pamoja na staftahi. Ukutani palikuwa na karatasi yenye maneno machache kwa hati nzuri: vileo haviingii, viatu mlangoni, taa ya ukumbi huzimwa saa 4 usiku.

Chumba kilikuwa na kitanda cha besera, chandarua kisicho na tundu, birika la maji, mswala uliokunjwa, na mshale mdogo wa rangi ya kijani uliochorwa ukutani kuonyesha kibla. Mjukuu wetu aliutazama mshale ule akauliza mbona hapa hatuuelekei mlima. Kwetu Kimandolu, tukisimama kusali, Mlima Meru huwa mbele yetu. Tukamweleza kwamba kibla chetu ni upande wa kaskazini huko na huku, kwa kuwa Makka i kaskazini ya nchi yetu. Tofauti ni kwamba hapa Pangani mwenye kusali huwa na bahari mkono wake wa kulia. Tukamfundisha pia hukumu ya msafiri katika madhehebu ya Imamu Shafii: ya kuwa sala za rakaa 4 huweza kufupishwa ziwe 2 maadamu safari ni ndefu na ya halali, na msafiri hakunuia kukaa siku 4 kamili mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, lakini akisali nyuma ya imamu mwenyeji humfuata akatimiza 4. Mtoto alifurahi, kwani mambo aliyoyasoma chuoni kwa ulimi sasa aliyatenda kwa miguu yake.

Asubuhi, saa 1, tulisikia hodi mlangoni. Tukaitikia, lakini mlango haukufunguliwa. Ilisikika sauti ya Bi Mkubwa ikisema tu kwamba staftahi imeandaliwa uani, kisha nyayo zikaondoka. Nyumba ni yake, na funguo za vyumba vyote ziko kiunoni mwake, lakini chumba tulichokilipia alikihesabu kuwa nyumba yetu, akabisha hodi kama ilivyoamrishwa. Uani tulikuta mahamri, mbaazi za nazi, ndizi mbivu, na chai ya mchaichai. Meza ilikuwa moja kwa wageni wote, nasi tuliketi na mume na mke wazee kutoka Ujerumani waliokuwa na chumba cha pili.

Wako ndugu wasemao kwamba nyumba ya Mwislamu ilaze Waislamu peke yao. Waandishi wa sira wameeleza jinsi ujumbe wa Wakristo wa Najran ulivyopokewa na Mtume (S.A.W.) katika msikiti wake wa Madina. Basi itakuwaje chumba cha kukodi kiwe kitakatifu kuliko msikiti ule? Kule Pangani tuliona Bi Mkubwa akiwamiminia wale wazee chai sawasawa na alivyotumiminia sisi. Naye ni mtu wa mji ambao Wajerumani waliuchukua kwa nguvu. Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga tangu mwaka 1888, alinyongwa katika mji huohuo mwezi wa Desemba 1889. Kisa hicho Bi Mkubwa akijua vizuri sana. Lakini mgeni hatozwi deni la babu zake.

Mchana ule tulitembea kando ya mto. Tulimwonyesha mjukuu wetu kwamba maji yale ni jamaa zetu, kwani mto Themi upitao Arusha huingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko mto Pangani huteremka mpaka baharini. Njia ya watu nayo iliufuata mto huo. Misafara ya pwani ilianzia hapa kwenda Kilimanjaro, Meru na Umasaini. Jumbe Kimemeta, mkubwa wa misafara katika miaka ya 1880, alikuwa mtu wa Pangani. Na kwa njia hiyohiyo zilishuka pembe za ndovu, na pamoja nazo wakashuka watu waliofungwa. Hata baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kukataza watumwa kupitishwa baharini, biashara hiyo iliendelea kwa siri katika pwani hii. Hatusemi haya kuwatukana waliotangulia. Twasema kwa sababu ni mafunzo: mji wenye adhana na ukarimu uliweza pia kumhesabu mwanadamu kuwa bidhaa, kwa kuwa faida ilisimama peke yake na dhamana ikasahauliwa.

Usiku wa pili, baada ya isha, tulikuwa barazani na Bi Mkubwa aliposimama gari ndogo. Akashuka mwanamume wa makamo, na nyuma yake msichana wa kadiri ya miaka 20. Hawakuwa na mzigo wowote.

"Bibi, twataka chumba," alisema yule bwana.

"Karibuni. Mwatoka wapi?" Bi Mkubwa aliuliza, daftari mkononi.

"Tu njiani. Cha saa 2 tu, kisha twaondoka."

Bi Mkubwa akalifunga daftari. "Chumba changu ni cha kulala, mwanangu. Sina cha saa."

Yule bwana akatoa noti. "Nitalipa mara mbili."

"Hata mara kumi. Humu wamelala watoto na wazee."

Kisha akamgeukia msichana, ambaye wakati wote huo alikuwa akitazama chini. "Nawe mwanangu, kwenu wapi?" Akajibu kwa sauti ndogo kwamba kwao ni Muheza. "Una pa kulala usiku huu?" Hakujibu. "Ukitaka, kitanda kipo, utalala na wajukuu zangu. Hulipi kitu. Asubuhi liko basi."

Mwanamume alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la nyumba za Waislamu, akaingia garini na kuondoka kwa vumbi. Msichana alisimama pale kwa muda, hata tukadhani atamfuata. Kisha akavua viatu, akaingia.

Asubuhi alikunywa chai pamoja nasi, akasaidia kuosha vikombe, akapewa nauli, akaenda zake. Hatukumwuliza habari zake, wala haikuwa haki yetu kumwuliza.

Tungependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo, lakini hayakuishia. Baada ya adhuhuri alikuja barazani mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa, kijana wa miaka 30 hivi, ambaye kazi yake ni kuwapeleka wageni kwa mashua katika fungu la Maziwe. Alitoa shikamoo yake kwa adabu, akakaa, akasema:

"Maalim, wewe ni mtu wa dini, nihukumie na mama yangu. Nyumba hii ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Ameacha watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume. Sehemu kubwa ni mali yao, nami ndiye msimamizi. Masika yote vyumba hukaa vitupu. Bati la upande wa mto limeoza, na ada za shule ni Januari. Jana mama amerudisha fedha za mayatima mlangoni, akatoa na nauli juu yake. Sisi si polisi, Maalim. Mwenye chumba huuza chumba. Ayatendayo mtu ndani ni baina yake na Mola wake. Je, si dhambi kuipoteza mali ya yatima?"

Msomaji asidhani kwamba hayo ni maneno ya mpumbavu. Mali ya yatima ni moto. Kurani imetukataza kuikaribia ila kwa njia iliyo bora. Na kweli sisi si polisi, kwani kupeleleza siri za watu kumekatazwa katika Suratul Hujurat. Kijana alikuwa na hoja mbili, na zote mbili zilikuwa na asili katika dini. Kwa hiyo tulimjibu polepole, naye Bi Mkubwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Tulisema hivi. La kwanza, kupeleleza ni kuchungulia kilichofichwa. Mwenye nyumba asimfuate mgeni kwa macho, wala asimdhanie vibaya mume na mke kwa kuwa wamechelewa njiani. Lakini jambo likiletwa mlangoni hali liko wazi, kulifumbia macho si kusitiri, ni kushiriki. Wanavyuoni wamekataza kumkodisha mtu nyumba hali yajulikana kwamba ataitumia katika maasi. Hapo Bi Mkubwa akadakia, "Mimi sikumchungulia, Maalim. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia saa 2." La pili, maadamu malipo yale yalikuwa ya jambo lisilo halali, basi hazikupotea shilingi za mayatima, kwa kuwa hazijapata kuwa zao. Msimamizi hahesabiwi kwa alichokikataa katika haramu, bali kwa alichokiacha kipotee katika halali. La tatu, mayatima wawili kati ya watatu ni wasichana, nao wanakua katika nyumba hiyo. Mali yao si kuta na mabati tu. Jina la nyumba nalo ni katika urithi wao.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo hasa ndilo lililotufanya tushike kalamu: "Nimekubali, Maalim. Lakini wageni wenye heshima wako wapi? Waislamu wenzetu hawalali kwetu. Akija mtu mjini hufikia kwa jamaa wiki nzima, hata mwenyeji akakopa unga. Asiye na jamaa hutafuta gesti iliyo rahisi kuliko zote, akirudi kwao asema gesti zote ni chafu. Ninyi ndio Waislamu wa kwanza kulala humu tangu Mfungo Tatu."

Hatukuwa na jibu la kumpa, maana alisema kweli. Tulipoondoka siku ya nne vyumba viwili vilikuwa vitupu bado, na bati bado limeoza. Twaandika hivi kusudi, kwa sababu ziko hadithi nyingi ambazo ndani yake mtu hukataa haramu jioni, na asubuhi tajiri hubisha hodi. Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuruzuku, na ahadi yake haina shaka. Lakini hakutuambia kwamba uaminifu hautatugharimu kitu. Bi Mkubwa alilipa gharama yake usiku ule, tena alilipa peke yake. Na hilo la kulipa peke yake ndilo linalotuhusu sisi sote.

Basi jibu letu kwa wazazi ni hili. Kazi ya kulaza wageni ni halali, tena ni katika kazi za heshima, kwa sharti kwamba faida na dhamana zikae pamoja. Mwenye nyumba na aseme bei yake mapema, aandike daftari lake kwa ukweli, atunze usafi, abishe hodi mlangoni pa mgeni, asiuze kileo, na asikodishe chumba kwa jambo linalojulikana kuwa ni maasi. Mgeni asiye wa dini yetu ana haki zilezile za usalama, ukweli na uso mkunjufu. Mzazi ambaye mwanawe amepata kazi katika nyumba kama hiyo asinung'unike kwa sababu ya neno "gesti". Na aende mwenyewe mchana, anywe chai, atazame daftari na milango, aulize wanaowasimamia vijana ni nani, na saa za kazi za usiku zikoje. Akiona dhamana haipo, amtoe mtoto hata kama mshahara ni mnono. Akiiona ipo, amwombee dua. Nawe kijana ufanyaye kazi hiyo, jua kwamba shuka uitandikayo vizuri kwa ajili ya msafiri asiyekujua imo katika hesabu yako ya mema ukiinuia hivyo.

Na sisi tusafirio tuna wajibu wetu. Tukifikia kwa jamaa, tukumbuke siku 3. Tukilala kwa kulipa, tuzitafute nyumba za watu wenye kuilinda dini yao, tuulize msikitini ziko wapi, tulipe bei iliyotajwa bila kuivunja kwa ubishi, tukiache chumba kama tulivyokikuta, na tukirudi tuwaambie wenzetu. Jamaa zikitaka kubadili hewa wakati wa likizo, si lazima zingojee harusi au msiba. Familia 10 za Arusha zikilala usiku mbili mbili katika nyumba kama ile ya Pangani, bati hugeuzwa na ada hulipwa, wala hapana yatima atakayetegemea noti za mtu wa saa 2. Huwezi kumwambia jirani akatae haramu, kisha halali uliyonayo mfukoni ukampelekea mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aziweke nyumba zetu katika hifadhi yake, za kuishi na za kulaza wageni, na atufanye wageni wema katika dunia hii ambayo sisi sote tumo humo kwa siku za kuhesabika. Amin.